Maswali na Majibu: Kabla Hujapandisha Kifurushi, Tazama Ukuta Wako

Barua za wiki hii karibu zote zina kilio kimoja: filamu imo ndani ya nyumba, simu imo ndani ya nyumba, na picha bado inaganda. Nimechagua chache. Wanaouliza "ruta gani ni nzuri?" bila kusema wanakaa nyumba ya namna gani wala wanatumia vifaa gani, siwezi kuwasaidia. Nimeshaomba maelezo hayo mara nyingi, naomba tena.

SWALI: Nilikuwa na kifurushi cha megabiti 10, nikapandisha hadi 40. Filamu zilizo kwenye laptopu yangu nikiwafungulia watoto kwenye tabuleti bado zinakwama kila baada ya dakika mbili. Hawa wa intaneti wananiibia? (Baba wa watatu, Bamburi)

Kwa hili hawakuibii, ndugu yangu, na pesa ya kupandisha kifurushi ungebaki nayo mfukoni. Swali hili nalipata kila wiki, na kila wiki kuna aliyekwisha kulipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Filamu iliyo kwenye laptopu yako haipiti kwenye intaneti kabisa. Inatoka kwenye laptopu, inaingia kwenye ruta, inatoka kwenye ruta, inaingia kwenye tabuleti. Basi. Zile nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa, TEAMS na SEACOM mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, hazihusiki hata chembe. Leo usiku chomoa waya unaoleta intaneti nyuma ya ruta, ruta yenyewe iache iwake, kisha fungua filamu. Itacheza vilevile na itakwama vilevile.

Tatizo liko hewani. Filamu ya 1080p, yaani ya HD kamili, iliyobanwa vizuri hutaka kama megabiti 8 hadi 12 kwa sekunde. Iliyonakiliwa jinsi ilivyo kutoka diski ya Blu-ray yaweza kufika 40. Sasa piga hesabu. Laptopu iko kwenye waifai, tabuleti nayo iko kwenye waifai. Kila kipande cha picha kinasafiri hewani mara mbili, kwenda kwa ruta na kutoka kwa ruta, na njia ni moja: mmoja akisema, wengine wanangoja. Ile 12 imekuwa 24, ile 40 imekuwa 80. Na namba 300 iliyoandikwa kwenye boksi la ruta ni ya kwenye karatasi. Ukiipata nusu yake, na umekaa chumba kimoja na ruta, una bahati.

Dawa ni waya. Unganisha laptopu na ruta kwa waya wa mtandao, tabuleti peke yake ibaki hewani. Umepunguza mzigo kwa nusu kwa siku moja. Waya wa Cat5e unatosha, unafika mita 100 bila shida. Lakini dukani uliza kama ni shaba tupu. Ziko nyaya za aluminiamu iliyopakwa shaba juu, ukizikunja mara mbili tatu zinakatika ndani, na kwa macho huoni kitu. Na sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Nyumba moja karibu na ufuo nilichomoa waya nikaangalia kichwa chake chini ya tochi: ncha nane za shaba, na mbili zimeota kutu ya kijani. Ruta ilikuwa imeteremka kutoka megabiti 1000 hadi 100 bila mwenye nyumba kujua. Kichwa kipya kilimaliza kazi.

SWALI: Simu inaonyesha mistari yote ya waifai lakini video haitulii. Kwa nini? (Changamwe)

Mistari inakwambia kwamba simu inaisikia ruta vizuri. Haikwambii ni wangapi wengine wanaongea wakati huohuo.

SWALI: Ghorofa letu lina nyumba kumi na sita. Fundi ameniwekea waifai kwenye chaneli 4 kwa sababu aliiona haina mtu. Saa mbili usiku hakutazamiki kitu. (Tudor)

Huyo fundi amekuharibia na amewaharibia majirani. Kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4 chaneli zinapandana. Zisizogusana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ukikaa 4 unaingiliana na wa 1 na wa 6 pamoja, na wao wanaingiliana nawe. Rudi kwenye mojawapo ya hizo tatu, ile yenye mawimbi hafifu ya majirani.

Bora zaidi, toka huko kabisa. Kama ruta yako ina gigahezi 5, simu na tabuleti za kutazamia zihamie huko. Hayo mawimbi hayapenyi mbali, na kwenye ghorofa hilo ni jambo jema, kwa sababu mawimbi ya jirani nayo hayakufikii sana. Gigahezi 2.4 iachie printa na taa za waifai. Na ukiwa ndani ya mipangilio ya ruta, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri, na ubadilishe nenosiri la kuingilia humo. Nimefungua ruta nyingi mno mjini hapa ambazo bado zina nenosiri la kiwandani, na aliyeshika nenosiri hilo ameshika nyumba.

SWALI: Mwalimu, tunakaa Mji wa Kale, nyumba ya marehemu babu. Ruta iko sebuleni chini, chumbani juu hakuna kitu. Niliuziwa kifaa cha kurefusha waifai, nikakichomeka chumbani, bado filamu hazifunguki. (Mama wa nyumbani)

Shikamoo mama. Pole, na asante kwa kunieleza nyumba ilivyo, wengine waige.

Nyumba hizo zilijengwa na watu waliojua joto. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Dari ni boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa tena. Wiki iliyopita nilikuwa katika nyumba kama yenu, nikaulaza mkono kwenye kizingiti cha dirisha, kiwiko kikiwa ukingo wa ndani. Vidole havikufika ukingo wa nje. Mawimbi ya gigahezi 5 yakiingia kwenye ukuta huo, upande wa pili hayatoki ya maana. Hata ya 2.4 yanatoka yamechoka, na ukuta uliofyonza unyevu wa masika unazidi kuyameza.

Kifaa cha kurefusha kinarudia kile kinachokisikia. Umekiweka mahali pasipofika waifai, kitarudia nini? Kipeleke ngaziani, pale simu bado inapata mawimbi mazuri, halafu ujaribu. Na ujue kwamba vile vya bei ya chini vina redio moja tu inayopokea na kutuma kwa zamu, kwa hiyo kasi inakatika nusu. Kwa ujumbe na muziki vinafaa. Kwa filamu ya 1080p ni kubahatisha.

Mimi ningepitisha waya mmoja kufuata ngazi hadi juu, mwishoni nikaweka ruta ya pili iliyogeuzwa kuwa kituo cha waifai tu. Ruta ya zamani iliyolala kabatini yaweza kufanya kazi hiyo. Waya upite ngazini, si ukutani. Nakuomba, mama, usimruhusu mtu kutoboa ukuta huo kwa mashine halafu akaziba kwa saruji. Saruji inazuia unyevu usitoke, matumbawe yanaoza kwa ndani, plasta inabambuka. Nyumba ngapi pale zimeharibiwa hivyo na watu waliokuja kwa kazi ya nusu saa! Mtaa huo umehifadhiwa kisheria, na hata usingehifadhiwa, ukuta wa babu una thamani kuliko filamu yoyote.

SWALI: Kutazama filamu zilizo kwenye diski ya nyumbani kunakula bando? (Likoni)

Hakuli, ila hakikisha simu haihamii data yenyewe waifai ikilegea. Zima data kabla ya kutazama.

SWALI: Natumia Jellyfin, programu ya kurusha filamu kutoka laptopu yangu hadi vifaa vingine vya nyumbani. Filamu moja kwenye simu yangu inacheza laini, kwenye tabuleti kuukuu ya dada yangu inarukaruka na laptopu inavuma na kuwaka moto. (Mwanafunzi, Kisauni)

Hilo si la waifai, mwanangu, na umeliona vizuri kwa kusikiliza feni. Filamu yako bila shaka imebanwa kwa H.265, mtindo wa kubana video uliotoka mwaka 2013. Tabuleti kuukuu inajua H.264 tu, ya mwaka 2003. Jellyfin ikigundua hivyo inaifumua filamu na kuibana upya papo hapo, picha baada ya picha, na laptopu ndogo haiwezi kwenda na mwendo. Ibadilishe mara moja tu kwa programu ya HandBrake ukiwa umelala, uhifadhi ile ya H.264, tabuleti itaipokea moja kwa moja. Angalia pia maandishi ya tafsiri. Yakiwa ya aina ya picha, Jellyfin mara nyingi hulazimika kuyachoma juu ya video, na kazi ileile nzito inaanza tena. Tafuta ya aina ya SRT, yaani maandishi matupu.

SWALI: Nimeona kisanduku cha Android, bei ya kutupa, kina chaneli zote za mpira bila malipo ya mwezi. Ninunue? (Majengo)

Usinunue. Mwaka 2023 watafiti wa usalama walikuta visanduku vya Android vya bei ya chini vilivyotiwa programu hasidi kabla havijafika dukani. Kifaa hicho utakipa nenosiri la waifai yako, kitakaa mtandao mmoja na simu unayotumia kutuma pesa. Na chaneli zenyewe ni za wizi. Nasema hivi nikijua wengi mtakasirika.

SWALI: Video ya harusi ya kaka yetu tumepewa kwenye diski, ni 4K, ile picha kali kuliko 1080p. Bibi hawezi kupanda wala kushuka ngazi, tunataka aitazame kwenye tabuleti chumbani kwake, lakini inakwama kila hatua. (Magongo)

Kamera nyingi za harusi hurekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, na waifai ya nyumbani kuubeba mzigo huo saa mbili mfululizo ni taabu. Tabuleti ya inchi kumi haimwonyeshi bibi tofauti yoyote ya 4K na 1080p. Punguzeni kwa HandBrake hadi 1080p, kisha msiipitishe hewani kabisa. Inakilini kwenye kadi ya kumbukumbu, itieni kwenye tabuleti, mfungulieni kwa programu ya VLC, akae na wajukuu atazame. Ile ya 4K msiifute. Inakilini kwenye diski ya pili, ikae nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa kaka mwenyewe, kwa sababu diski moja ikianguka sakafuni harusi hiyo haipigwi tena.