Namba za ukinzani zinarukaruka

SWALI: Tuko mafunzoni Dodoma, tunapima ukinzani wa umeme ardhini (jinsi ardhi inavyozuia umeme) kutafuta maji. Kiangazi hiki namba zinarukaruka. Mashine mbovu?

JIBU: Kagueni kwanza vijiti vya chuma mnavyochomeka ardhini: viwili vya nje hupitisha umeme, viwili vya kati hupima volti. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Pigilieni vijiti vya nje sentimita 20 hadi 30, mwagieni maji ya chumvi mpaka tope lishike chuma, kisha pimeni tena. Vya kati vitieni maji kidogo tu; madimbwi yakiungana, kipimo kimeharibika.

Mkizidi kusogeza vijiti vya nje mbali, volti hufifia. Hapo ongezeni nafasi ya vijiti vya kati, isizidi moja ya tano ya ile ya nje, na mkiwa na vijiti vya nje mahali pawili tofauti, pimeni kwa nafasi zote mbili za vijiti vya kati, ya zamani na mpya, ili mistari ya grafu iungane.

Tafadhali sana, mtu asiguse kijiti kabla opereta hajatamka "imezimwa": waya wa vijiti vya nje hubeba mamia ya volti.