Kabla ya Kujiunga na Msafara wa Mshikamano: Niliyojifunza Honduras

Mwezi Machi 2018, miaka miwili baada ya Berta Cáceres, mtetezi wa mito na ardhi ya wenyeji wa asili, kuuawa nyumbani kwake katika mji wa La Esperanza, nilikuwa mmoja wa watu kumi na wawili tuliosafiri kutoka Marekani kwenda Honduras kwa siku kumi, kwa mwaliko wa vyama vya wananchi wanaotetea ardhi na mito yao. Nilikwenda tena mwaka 2022. Tangu hapo Waswahili wenzangu wa hapa Minnesota, na wengine walioko Nairobi na Dar es Salaam, wameniuliza mara nyingi namna ya kujiunga na misafara ya aina hiyo, nami nimekuwa nikiwajibu kwa simu, kipande kipande. Leo nayaandika yote kwa utulivu, kwa sababu watu waliotupokea kule walituamini kwa mambo mazito, na sipendi mtu yeyote aende kwao bila kujiandaa.

Anayejiunga na msafara wa mshikamano anakwenda kuwa shahidi. Anakaa na watu walio hatarini, anawasikiliza, pengine anahudhuria kesi zao mahakamani, na akirudi anaufikisha ushahidi huo kwa wale wenye uwezo wa kubadili jambo. Katika Amerika ya Kati desturi hii ina miaka mingi. Mwaka 1983, wakati wa vita ya Contra, waasi waliopigana na serikali ya Nicaragua, raia wa Marekani waliounda shirika la Witness for Peace walikwenda kukaa katika vijiji vya mpakani Nicaragua, wakiamini kwamba wapiganaji waliokuwa wakifadhiliwa na serikali yao wenyewe wangesita kushambulia mahali palipo na Wamarekani. Msingi wa kazi hii uko papo hapo: serikali yao ndiyo iliyokuwa ikitoa fedha, na kwa hiyo wao walikuwa na neno la kusema ambalo mwanakijiji wa Nicaragua hakuweza kulisema mbele ya Bunge la Washington.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza ninalomwuliza kila anayenipigia simu ni hili: mahali unapoishi pana uhusiano gani na mateso ya watu unaotaka kuwatembelea? Chukua mfano wa Mto Gualcarque, ambao Walenca, wenyeji wa asili wa Honduras, wanauhesabu kuwa mtakatifu. Chama chao cha COPINH, ambacho Berta Cáceres alikuwa mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1993, kilipinga ujenzi wa bwawa la umeme la Agua Zarca katika mto huo. Kuanzia Aprili 2013 wanakijiji wa Río Blanco walifunga barabara ya kwenda kwenye eneo la ujenzi, na Julai mwaka huohuo mwenzao, Tomás García, aliuawa kwa risasi ya mwanajeshi. Berta alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 2016 akauawa. Mto uko milimani Honduras, lakini sehemu ya fedha za mradi ilitoka katika benki ya maendeleo ya Uholanzi, FMO, na mfuko wa Finnfund wa Ufini. Taasisi hizo mbili zilisimamisha malipo baada ya mauaji na zikajitoa rasmi mwaka 2017, baada ya shinikizo kubwa la Walenca wenyewe na la watu wa Ulaya waliosimama pamoja nao. Mholanzi aliyefika Río Blanco alirudi kwao akiwa na mlango wa kugonga. Na sisi tuliotoka Marekani tulikuwa na wetu: jeshi la Marekani lina watu wake katika kambi ya Soto Cano, huko Honduras, tangu miaka ya 1980, na mwaka 2016 mbunge Hank Johnson wa jimbo la Georgia aliwasilisha muswada uliopewa jina la Berta Cáceres, wa kusimamisha misaada kwa polisi na jeshi la Honduras hadi ukiukaji wa haki za binadamu ukomeshwe. Muswada huo haujapita. Ukiwa huoni mlango wowote utakaougonga ukirudi, subiri kwanza, utafute msafara mwingine ambako unauona.

Jambo la pili ni kujua nani amekualika. Msafara wa kuaminika huanzia kwa wenyeji: wao ndio wamesema wanataka wageni, wamechagua wakati, na wamepanga mahali pa kufika. Waandalizi wanapaswa kukueleza bila kusitasita kiasi gani cha ada yako kinabaki kwa wenyeji kwa ajili ya chakula, malazi na usafiri, na nani atakayetafsiri. Ukiambiwa kwamba ratiba bado haijajadiliwa na wenyeji, ahirisha. Kuhusu nyaraka sitaeleza mengi: mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda aanze mapema kuuliza habari za viza, achukue cheti chake cha chanjo ya homa ya manjano, na ambaye hajapata uraia wa nchi anakoishi azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipa nauli. Jifunze Kihispania pia, hata kidogo. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani irabu ni zilezile tano na hutamkwa karibu sawa na zetu.

Sasa nieleze kosa langu. Siku ya tatu ya safari ya kwanza tulilala katika nyumba ya familia moja milimani. Jioni mama mwenye nyumba alikuwa akioka chapati za mahindi kwenye jiko la kuni, mwanga wa moto ukimwangaza usoni, na nyuma yake mlango uliokuwa wazi ukionyesha kilima, tangi la maji na kona ya barabara. Niliona picha nzuri, nikaipiga kwa ruhusa yake, na usiku uleule, nilipopata mtandao, nikaiweka Facebook pamoja na maneno ya shukrani. Saa moja haikupita kiongozi wa msafara akanijia akiniomba niiondoe. Alinieleza kwa upole kwamba yeyote anayelijua eneo lile angeitambua nyumba kwa tangi na kilima, na kwamba mume wa yule mama alikuwa na kesi na amekwisha kutishwa mara mbili. Niliifuta papo hapo, lakini watu walikuwa wamekwisha kuiona. Kesho yake familia ile iliamua kwamba watoto walale kwa shangazi yao kwa muda. Mama alinishika mkono akaniambia nisihuzunike, nami nilihuzunika na bado nahuzunika, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipia pupa yangu. Ruhusa ya kupiga picha na ruhusa ya kuisambaza ni ruhusa mbili tofauti. Tangu siku ile kamera yangu haitoki mfukoni hadi wenyeji waseme nini kipigwe, na hakuna kitu ninachokiweka mtandaoni kabla ya kurudi nyumbani na kupata idhini yao kwa maandishi.

Kutoka milimani tuliteremka hadi pwani ya kaskazini, kwa Wagarifuna, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu mambo ya huko yanamgusa msomaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Wagarifuna ni uzao wa Waafrika na wenyeji wa asili wa kisiwa cha Saint Vincent. Waingereza waliwahamisha kwa nguvu mwaka 1797 na kuwatupa katika kisiwa cha Roatán. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilipoingia kijiji cha Triunfo de la Cruz na kukuta minazi, ngalawa zimevutwa mchangani na harufu ya samaki wa kupaka nazi, machozi yalinilenga. Asubuhi moja akina mama walitufundisha kutengeneza ereba, mkate mpana mkavu wa muhogo. Muhogo ulikunwa, kisha ukashindiliwa ndani ya chombo kilichosukwa, kirefu kupita kimo cha mtu, kiitwacho ruguma, kikaning'inizwa na kuvutwa kwa uzito chini hadi maji yake machungu yakatoka yote. Nikawaeleza kwamba kwetu tuna kifumbu cha kukamulia tui, kidogo zaidi lakini cha kusukwa vilevile, na mmoja wao akaniambia nimchoree. Redio yao ya kijiji inaitwa Faluma Bimetu, maana yake Nazi Tamu. Ilichomwa moto Januari 2010, wakairudisha hewani.

Undugu huo ni wa kweli, ila ulinipa kiburi cha kudhani kwamba nimekwisha kuelewa. Tarehe 8 Oktoba 2015 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba serikali ya Honduras imekiuka haki ya kijiji hicho juu ya ardhi yake. Tarehe 18 Julai 2020 watu wenye silaha, waliovaa sare za polisi wa upelelezi, walimchukua Alberth Sneider Centeno, kiongozi wa kijiji aliyekuwa mstari wa mbele kudai hukumu hiyo itekelezwe, pamoja na wenzake. Hawakurudi. Niliporejea mwaka 2022 nilikaa kwenye mkutano wa OFRANEH, jumuiya ya Wagarifuna, saa nne mfululizo bila kusema neno, na hizo ndizo saa nilizozitumia vizuri kuliko zote katika safari zote mbili. Mgeni akiulizwa, ajibu kwa ufupi. Asianze kueleza jinsi mambo kama hayo yanavyotatuliwa kwao.

Kuna jambo jingine ambalo waandalizi wengi hawatakwambia, kwa sababu halijawapata. Misafara hii ilijengwa juu ya dhana kwamba sura ya mgeni ni kinga. Sura yangu haikuwa kinga. Kwenye kizuizi kimoja barabarani wenzangu weupe walipitishwa kwa salamu, mimi nikaambiwa nishuke na kuonyesha nyaraka, nikahojiwa kwa nusu saa ninaelekea wapi. Honduras wakati huo ilikuwa njia ya wahamiaji wengi wa Kiafrika waliokuwa wakipanda kuelekea kaskazini, wakiwamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na askari walinihesabu kuwa mmoja wao. Mwafrika anayejiunga na msafara alizungumze hili na viongozi kabla ya kuondoka: nani atashuka naye garini, nani atapiga simu, nakala ya pasi iko kwa nani. Wenzangu wa safari ya pili walikubaliana kwamba mmoja wetu akishushwa, tunashuka wote.

Hatari yenyewe isipuuzwe. Usiku Berta alipouawa, mgeni wake Gustavo Castro, raia wa Mexico, alipigwa risasi akanusurika kwa kujifanya amekufa, kisha akazuiwa kuondoka nchini kwa karibu mwezi mzima ilhali yeye ndiye aliyekuwa shahidi na majeruhi. Wala tusidhani haya ni ya mbali. Mei 2025 Wakenya waliokwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, wakiwamo Martha Karua na Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga, walizuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa kwao. Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walishikiliwa, wakaja kuachwa mipakani, na wote wawili wameeleza hadharani kwamba waliteswa. Huo ulikuwa msafara wa mshikamano, kwetu Afrika Mashariki, na waliokwenda walikuwa watu wanaojulikana. Kwa hiyo mwambie mzazi au mwenzi wako ukweli wote kabla ya kwenda, acha namba za mwanasheria na ubalozi kwa mtu wa kuaminika, na usione haya kujitoa ukiona moyo wako haujatulia. Mtu mwenye hofu asiyeisema huwatia wenzake hatarini.

Kilichobaki ni kurudi. Jioni ya mwisho wenyeji huuliza mtafanya nini mkifika kwenu, na hapo ndipo mioyo inapofurika na wageni wanapotoa ahadi kubwa. Mwenzetu mmoja aliahidi kuwaletea mawakili. Wenyeji walinieleza mwaka 2022 kwamba hawakumsikia tena. Ahadi ni deni, na deni la namna hii hudaiwa na watu waliokwisha kuvunjiwa ahadi nyingi. Ahidi mambo mawili unayoyaweza, uyaandike mbele yao, uwape tarehe. Mimi niliahidi kuzungumza katika makanisa na misikiti miwili ya jamii yetu, na kukutana na msaidizi wa mbunge wa wilaya yangu. Mikutano ya jamii ilikamilika ndani ya miezi miwili. Ofisi ya mbunge ilinichukua barua tatu na simu nyingi hadi nikapewa dakika ishirini, nikaenda na ramani, hukumu ya mwaka 2015 na orodha ya majina. Kila barua niliyoiandika, na kila jibu nililolipata, hata lile la mistari miwili lisilosema kitu, nililipeleka kwa wenyeji likiwa limetafsiriwa kwa Kihispania. Mwaka 2022, nilipofika tena kijijini, mama mmoja alinitolea faili la plastiki. Ndani yake zilikuwemo barua zote, zimepangwa kwa tarehe, na ukurasa wa mwisho ulikuwa ile picha ya kifumbu niliyomchorea mwenzake.