Nishani, ukanda wa soksi na mapanga ya henzirani

Ni kweli nishani kubwa ya Waingereza ilianzia kwenye soksi ya mwanamke?

Hadithi ndiyo hiyo. Bibi mmoja alikuwa akicheza dansi, ukanda wa soksi yake ukadondoka, watu wakacheka. Mfalme Edward III akauokota, akaufunga mguuni mwake, akasema kwa Kifaransa kwamba aibu impate anayewaza vibaya. Tamu sana, ila iliandikwa wote wakiwa makaburini zamani. Jumuiya ya Garter, yaani ya Ukanda, Edward aliianzisha mnamo 1348, katika miaka aliyokuwa akidai kiti cha enzi cha Ufaransa. Sasa tazama rangi za ukanda wenyewe: buluu na dhahabu, rangi za wafalme wa Ufaransa! Mimi naona yale maneno ya aibu yaliwaendea waliobeza dai lake. Soksi ilikuja baadaye, kunogesha.

Mtu akishapewa, anaweza kunyang'anywa?

Anaweza. Wanachama wa kawaida ni 24 tu, mbali na mfalme na Prince of Wales, yaani mrithi wa kiti chake, na nafasi hupatikana zaidi mtu anapofariki. Wafalme wa nje huwekwa nje ya hesabu hiyo. Haile Selassie aliingizwa 1954. Kila mmoja ana kiti chake katika kanisa la St George, Windsor, na juu ya kiti hutundikwa bendera yake. Zamani, mwanachama akifanya uhaini, bendera, upanga na kofia yake ya chuma viliangushwa chini, vikapigwa mateke hadi nje ya kanisa na kuishia mtaroni. Siku hizi wanashusha kimyakimya. Bendera ya Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani ilishushwa 1915, ya Hirohito wa Japani 1941. Hirohito akarudishiwa yake 1971, alipokwenda Uingereza kumtembelea Malkia Elizabeth II.

Na wale Matempla, nao walikuwa watu wa nishani?

Hapana. Wale walikuwa watawa wenye silaha, walioweka nadhiri za ufukara, useja na utii, na shirika lao lilianzia Yerusalemu karibu na 1119. Ufukara ulikuwa wa mtu mmoja mmoja. Shirika lenyewe lilikuwa na mashamba, ngome na fedha tele. Ijumaa, 13 Oktoba 1307, wakakamatwa kwa amri ya Mfalme Philip IV wa Ufaransa, aliyekuwa na madeni kwao. Papa akalivunja shirika 1312. Ureno mali yao ikahamia kwa Shirika la Kristo, lililoanzishwa 1319, na msalaba mwekundu wa shirika hilo ndio Wareno waliokuja kuuchora kwenye matanga ya meli zao.

Sisi wa pwani hatukuwa na kitu kama hicho?

Tulikuwa nacho. Sultani Barghash wa Zanzibar alianzisha nishani yake ya Nyota Ing'aayo mwaka 1875.

Nimeona picha za Wamarekani wazima wamevaa chuma wanachapana na fimbo. Wana akili kweli?

Wanazo, na wana taratibu kuliko vyama vingi ninavyovijua. Walianza na sherehe ya uani huko Berkeley, California, tarehe 1 Mei 1966, na leo jumuiya yao, Society for Creative Anachronism, ina wanachama nchi nyingi. Kofia ni za chuma kweli. Mapanga ni henzirani iliyozungushiwa mkanda wa gundi. Kinachonifurahisha ni kwamba aliyepigwa ndiye anayetamka kuwa pigo limempata. Likimpata mguuni, anapiga magoti na kuendelea. Likimpata mkononi, mkono huo hautumii tena. Anayeng'ang'ania kuwa hajaguswa, jina lake huharibika haraka.

Mpiganaji hodari mwenye adabu hufanywa naiti, yaani shujaa mwenye cheo: mkanda mweupe kiunoni, mkufu shingoni, na vyuma vya kisiginoni vya kuhimizia farasi, ingawa wengi wao farasi hawana. Wenye kushona, kupika au kuandika kwa ufundi wa kale wana daraja lao la Laurel. Kuna pia la Pelican, kwa jina la ndege ambaye watu wa kale waliamini hujidonoa kifua awalishe makinda kwa damu yake. Hilo hupewa waliohudumu miaka mingi: aliyetunza daftari la fedha, aliyepanga magari, aliyebaki usiku akisugua masufuria wakati manaiti wamekwisha lala.