Maswali ya Wasomaji: Kocha wa Chuo Atamjuaje Mwanangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Sisi tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa tunaishi Louisville, Kentucky. Mwanangu ana miaka kumi na sita, yuko darasa la kumi, na tangu tufike hapa ameupenda mchezo wa besiboli, ambao mimi mwenyewe mpaka leo siuelewi vizuri. Yeye ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa kinga usoni. Kocha wake wa shule anasema anaweza kucheza chuoni. Juzi tulipokea barua pepe ya chuo kikubwa ikimwalika kwenye kambi yao ya mazoezi kwa ada ya dola mia kadhaa, na kampuni moja imetupigia simu ikitaka dola 2,800 ili imtangaze kwa makocha. Ninafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na sina fedha za kubahatisha. Naomba mnieleze makocha wa vyuo huwapata vipi watoto hawa.
Mama wa mdakaji, Louisville

JIBU: Mama, tuanze na fedha, kwa kuwa naona ndizo zinazokunyima usingizi. Kampuni hiyo usiilipe. Kazi inayotaka kuifanya kwa dola 2,800, yaani kutuma barua pepe na kuweka video mtandaoni, mwanao anaweza kuifanya mwenyewe bila kulipa hata senti, tena barua yake itasomwa kwa makini zaidi, kwa sababu kocha anataka kumsikia kijana na si dalali. Ama barua ya kambi, elewa kwamba vyuo hutuma barua za namna hiyo kwa mamia ya vijana kwa mkupuo mmoja, na kambi zenyewe ni chanzo cha mapato. Si udanganyifu, ila pia si dalili kwamba kuna mtu aliyemwona mwanao. Dalili ya kweli ni kocha kumtaja kwa jambo mahususi, kwa mfano mchezo aliocheza wiki iliyopita, au kuuliza ratiba yake ya mechi ili aje kumtazama.

Kosa ninaloliona kwa wazazi wengi ni la mpangilio: hutanguliza kulipia maonyesho ya vipaji, kisha ndipo wafikirie ni vyuo gani vinavyomfaa mtoto. Afadhali waanze mwisho warudi mwanzo. Kocha wa chuo ana wasaidizi wachache, ana timu ya kuendesha, na hawezi kuzunguka nchi nzima akitafuta asiyemjua. Huenda kwenye mechi akiwa tayari na majina mfukoni. Kazi yenu ni kuliingiza jina la mwanao kwenye orodha hiyo kabla kocha hajawasha gari.

Sasa, vyuo vipi? Hapa Marekani watu wengi hukifikiria kile tu wanachokiona kwenye televisheni, yaani Daraja la Kwanza la NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo, lenye vyuo vipatavyo 300 vinavyocheza besiboli. Chini yake kuna Daraja la Pili na la Tatu, kuna vyuo vidogo vya chama kingine kiitwacho NAIA, na kuna vyuo vya miaka miwili vilivyo chini ya chama chao, NJCAA. Katika kila vijana 100 wanaocheza besiboli shule za sekondari, takriban 7 ndio wanaofika NCAA kwa madaraja yote matatu, na wanaofika Daraja la Kwanza ni kama wawili. Mlango huo umezidi kuwa mwembamba. Baada ya mahakama, Juni 2025, kuidhinisha makubaliano ya kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA, vyuo vya Daraja la Kwanza vilivyojiunga na mpango huo vinaweza kumpa ufadhili mchezaji yeyote wa timu, ilhali zamani timu nzima ilikuwa na ufadhili kamili 11.7 tu, uliogawanywa vipande vipande. Lakini timu imewekewa ukomo wa wachezaji 34, wakati awali ilikuwa 40. Juu ya hayo, wachezaji wanaruhusiwa kuhama chuo kwa urahisi, na kocha mwenye nafasi moja mara nyingi humchukua mwanamume wa miaka 21 aliyekwisha kupimwa katika mechi za chuo kuliko kijana wa miaka 17 anayehitaji kulelewa.

Kwa hiyo mpimeni kwanza. Kwa mdakaji kuna kipimo kimoja ambacho kila kocha atakiuliza. Mkimbiaji wa timu pinzani anapotoroka kwenda besi ya pili (besi ni vituo vinne anavyovizunguka ili apate pointi), muda huanza kuhesabiwa mpira unapogonga glovu ya mdakaji, na husimama unapogonga glovu ya mwenzake pale besi ya pili, umbali wa karibu mita 39. Ukikaa nyuma ya nyavu utawaona makocha wameshika stopwochi mkononi, kidole gumba juu ya kitufe, na hata kichwa hawainui. Sekunde 2.0 ni namba inayowafanya wageuke kumtazama mtoto, 1.9 huwafanya waandike, na 2.3 huwafanya wamwangalie mdakaji wa timu nyingine. Mwombe kocha wa shule ampime mara kumi kwa siku tofauti, na mchukue wastani, si ile mara moja aliyobahatika. Mpimeni pia mbio za yadi 60, ambazo ni kama mita 55, na kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo lake. Namba hizo, zikiwa za kweli, ndizo zitakazowaambia aandike kwenye daraja gani. Zikiongezwa chumvi, kocha atazigundua siku ya kwanza kwa stopwochi yake mwenyewe, na hapo hata zile za kweli hazitaaminiwa tena.

Baada ya hapo achague vyuo kama thelathini, vingi vikiwa vya madaraja ya chini na vya karibu, na kwa kila chuo afungue orodha ya wachezaji kwenye tovuti yao. Ahesabu wadakaji wako wangapi na wanahitimu lini. Chuo chenye wadakaji wanne wa mwaka wa kwanza hakina haja naye, awe hodari kiasi gani. Chuo ambacho wadakaji wake wawili wataondoka mwaka 2028, mwaka ambao yeye anamaliza sekondari, ndicho cha kuandikiwa usiku huohuo.

Barua aiandike yeye, si wewe wala mjomba wake. Kichwa cha barua kiseme yote: jina, mhitimu wa 2028, mdakaji, Louisville, wastani wa alama za darasani. Ndani iwe na mistari minane hivi: kwa nini chuo hicho na si kingine, namba zake, ratiba ya mechi zake zijazo pamoja na uwanja na saa, simu ya kocha wake, na kiungo cha video. Iende kwa kocha anayeshughulikia usajili, na nakala kwa kocha mkuu. Video isizidi dakika tatu, isiwe na muziki wala mbwembwe, na ianze na urushaji wake wa kwenda besi ya pili, kwa kuwa huenda kocha akatazama sekunde ishirini tu. Simu iliyowekwa imara juu ya kiti nyuma ya nyavu inatosha kabisa. Aendelee kuandika kila baada ya wiki sita au nane anapokuwa na jambo jipya la kusema. Asikate tamaa akiona kimya: makocha wa Daraja la Kwanza hawaruhusiwi kumjibu kwa habari za usajili mpaka tarehe 1 Agosti kabla hajaingia darasa la kumi na moja, na wa Daraja la Pili mpaka tarehe 15 Juni baada ya darasa la kumi. Wanazisoma, lakini wamefungwa mdomo. Wa Daraja la Tatu na wa NAIA wanaweza kumjibu hata kesho.

Jambo linalowaponza watoto wa wahamiaji kuliko mkono dhaifu ni karatasi za shule. NCAA inataka masomo 16 ya msingi, na kwa Daraja la Kwanza kumi kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa nne wa sekondari, kwa wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4. Si kila darasa la Kiingereza la wanafunzi wageni linalohesabiwa kuwa somo la msingi. Nenda shuleni, Mama, mwombe mshauri wa wanafunzi akuonyeshe orodha ya masomo ya shule yenu yaliyoidhinishwa na NCAA, na mtie alama pamoja yale aliyokwisha kuyapita. Mkigundua pengo sasa, kuna muda wa kuliziba. Mkigundua darasa la kumi na mbili, mtakuwa mmechelewa. Alama nzuri ni fedha pia: vyuo vya Daraja la Tatu haviruhusiwi kutoa ufadhili wa michezo, lakini hutoa ufadhili wa masomo na msaada kwa familia zenye kipato kidogo, na mara nyingine jumla yake huzidi kile ambacho chuo kikubwa kingempa mchezaji.

Na msividharau vyuo vya miaka miwili. Albert Pujols, nyota wa besiboli, alifika Marekani kutoka Jamhuri ya Dominika akiwa kijana, akamalizia sekondari Missouri, akacheza mwaka mmoja katika chuo cha Maple Woods huko Kansas City, na mwaka 1999, timu za ligi kuu zilipochagua vijana kwa zamu, akachaguliwa katika raundi ya 13 tu. Alistaafu akiwa amepiga mipira 703 nje ya uwanja katika ligi kuu. Mwanao si Pujols, na sisemi atakuwa. Ninachosema ni kwamba katika chuo cha namna hiyo atacheza mwaka wa kwanza badala ya kukaa benchi, kwa ada ndogo, na makocha wa vyuo vikubwa huenda huko kutafuta wachezaji.

Mkiwa na fedha za tukio moja tu mwaka huu, zitumieni kwenye kambi ya chuo ambacho kocha wake ameshamjibu mwanao.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mrushaji, mwaka wa tatu wa sekondari, Houston. Kiangazi kilichopita kocha wa chuo alikuja kwenye mechi yetu, mipira yangu miwili ikapigwa mfululizo, akafunga daftari na kuondoka. Baba anasema nirushe kila wikendi, hata majira ya baridi, ili nionekane zaidi. Bega limeanza kuniuma.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bega kwanza: usirushe tena mpaka daktari alione, na mwonyeshe baba yako maneno haya. Miongozo iliyotolewa na ligi kuu ya besiboli pamoja na chama cha USA Baseball inasema kijana wa miaka 17 au 18 asizidishe marusho 105 kwa siku, na akifikisha 81 apumzike siku nne. Inasema pia kwamba katika mwaka apate walau miezi minne bila kurusha mashindanoni, na kati ya hiyo miwili au mitatu mfululizo asirushe kabisa. Kocha wa chuo anayejua kazi yake huuliza ulirusha mara ngapi mwaka uliopita, na jibu la "kila wikendi" humtisha. Mkono uliochoka hupoteza kasi, na kasi ndiyo ya kwanza kuandikwa. Warushaji wa mkono wa kulia wanaochukuliwa na Daraja la Kwanza kwa kawaida hurusha maili 87 au 88 kwa saa na kupanda. Ukienda kwenye maonyesho ya Januari ukirusha 81 kwa bega bovu, namba hiyo itabaki mtandaoni ikikungoja.

Ama kocha aliyeondoka, sioni sababu ya kujihukumu. Inawezekana alikuja kumtazama mtu mwingine, na inawezekana alikuwa na mechi ya pili upande wa pili wa jiji. Mpira kupigwa si aibu. Wanachokitazama ni kile unachofanya baada yake: je, ulikimbia kwenda kumkinga mwenzako nyuma ya besi, au ulisimama katikati umeinua mikono ukimlaumu aliyeshindwa kudaka? Mimi nimewahi kukaa kwenye viti vya watazamaji karibu na kocha mmoja aliyefuta jina la mrushaji hodari kwa sababu tu kijana yule alimrushia mama yake begi lizito na kupita bila kumsalimu. Sikukubaliana naye kabisa, maana mtoto wa miaka 17 ana siku zake mbaya, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwake. Mwandikie kocha yule wa chuo barua fupi, mshukuru kwa kuja, mweleze kwamba unapumzisha bega na utarudi uwanjani mwezi gani.

SWALI: Ninacheza besiboli hapa Dar es Salaam, niko Kidato cha Tatu. Je, kocha wa Marekani anaweza kuniona kupitia video?

JIBU: Kukuona anaweza. Dennis Kasumba, mdakaji wa Uganda, alijulikana duniani kwa video za mazoezi yake ya matairi na matofali, na mwaka 2023 akapata kwenda kucheza Marekani na Frederick Keys katika ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa na timu za ligi kuu. Hakuchaguliwa, kwa sababu hapo alikutana na warushaji ambao hakuwahi kupambana na mfano wao. Tofauti hiyo ya mechi ndiyo kizingiti chako, kwa hiyo tafuta mechi nyingi kadiri uwezavyo kwenye uwanja wa Azania na kwa wenzetu wa Uganda, ambao timu yao ya watoto kutoka Lugazi ilicheza mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Andikia vyuo vidogo vya NAIA na vya miaka miwili kabla ya vikubwa, uwaeleze mapema kwamba utahitaji viza ya mwanafunzi, na uambatanishe matokeo yako ya shule. Kocha akikuomba mzungumze kwa simu ya video, kumbuka kwamba saa kumi alasiri ya kwake, pwani ya mashariki ya Marekani, ni saa tano au saa sita usiku kwako. Kubali, na ukae mahali penye mwanga.