Dogo, weka kwanza tindo chini

Jana naingia gereji hapa Mafiati, Mbeya, saa mbili asubuhi nakuta dogo kashika nyundo na tindo, anagonga masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye paipu ya ekzosi) ya Toyota Altezza ya mteja yatoke, eti gari ipumue. Nimemnyang'anya nyundo. Kumfokea nimeshindwa maana na mimi nimepita humo humo, ila kuwaambia mmoja mmoja nimechoka, naandika mara moja.

1. Mlio mnaoutafuta uko nyuma ya masega. Badilisha sailensa, panua paipu kuanzia hapo kwenda nyuma, gari itanguruma hadi Mwanjelwa wasikie na mashine ya kupima moshi bado itakupitisha.

2. Ukigusa mbele ya masega, yaani upande wa injini, weka gasketi mpya. Hapa nisikilizeni vizuri. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi nilipewa Altezza RS200, kijana anataka heda mpya (paipu zinazotoa moshi kwenye injini), ilikuwa Jumamosi jioni duka limefungwa, nikarudishia gasketi ya zamani kwenye flenji iliyo mbele ya sensa ya oksijeni. Nilipowasha nikasikia inapuliza tsi tsi tsi, nikajiambia ikipata moto itajiziba. Haijizibi wadogo zangu. Kale katundu kanatoa moshi halafu kati ya pigo na pigo kananyonya hewa ya nje, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta hayatoshi inazidisha, na hayo yaliyozidi yanaenda kuungulia ndani ya masega. Wiki mbili kijana karudi, taa ya cheki injini inawaka, msimbo wa kosa P0420, yaani masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Nikaifuta. Nikaifuta tu nikamwambia nenda, hilo ndo linaloniuma mpaka leo, maana gari ilikuwa inaniambia na mimi nikaiziba mdomo. Ikaja kumzimikia Mlima Nyoka usiku, mke wake yuko ndani ana mtoto mgongoni, malori yanapita. Kufungua, masega yameyeyuka yamekuwa donge, moshi hauna pa kutokea. Nilimlipa masega mengine kwa kukatwa mshahara miezi mitano na hakunitukana hata mara moja.

Gasketi ile ilikuwa bei ya chipsi mayai.

3. Kutafuta uvujaji: gari ikiwa ya baridi, washa, ziba bomba kwa kitambaa, mwagia maji ya sabuni kwenye maungio.

4. Pima gari ikiwa ya moto. Masega yanaanza kazi kwenye nyuzi 250 hadi 300 hivi, sasa asubuhi ya mwezi wa saba na baridi yetu hii unawasha tu unachomeka kipimo, lazima ufeli. Mimi nalenga viwango vya Uingereza kwa gari za petroli zenye masega, mizunguko 2,500 hadi 3,000, CO (gesi ya sumu) isizidi asilimia 0.2, HC (mafuta yasiyoungua) isizidi 200 ppm, lamda (uwiano wa hewa na mafuta, 1 ndiyo sawa) 0.97 mpaka 1.03.

5. Spesa ya sensa ya nyuma, kale kachuma kanakoisogeza sensa mbali na moshi, inazima taa tu. Mashine inanusa moshi, dashibodi haiijui.

Na wewe dogo wa jana, masega uliyoyagonga yamemeguka upande mmoja, nimeyaangalia kwa tochi. Mteja anakuja kesho saa nne. Utamweleza wewe mwenyewe, mimi nitakaa pembeni yako.