Kupamba jiko dogo la nyumba ya pwani kabla kaskazi haijaingia

Kaskazi inapovuma, tangu Desemba hadi Machi, jiko dogo la nyumba ya pwani hutaabika kuliko chumba kingine chochote. Mchana joto linapita nyuzi 31, hewa imejaa unyevu na chumvi, na huo ndio msimu wa wageni: Desemba shule zimefungwa, ndugu wa bara wameteremka, samaki anakaangwa asubuhi na jioni. Mtu anayetaka jiko lake lichangamke kwa msimu huo mara nyingi huanzia dukani. Hununua stika za ukutani, maua ya plastiki na rafu ya bati iliyopakwa rangi nyeupe. Ikifika Februari stika zimebanduka pembeni, maua yamegandamana mafuta na vumbi, na rafu imechora michirizi ya kutu ukutani.

Ushauri wetu ni kwamba fedha ya kwanza iende kwenye ukuta, inayofuata kwenye njia ya upepo, na vyombo vya kazi vyenyewe viwe ndiyo mapambo. Hesabu zote hapa chini ni za chumba cha mita 2.4 kwa 3, kimo mita 2.7, chenye mlango mmoja na dirisha moja la mita moja. Kama chako ni kikubwa zaidi, ongeza kwa uwiano huohuo.

Ukuta

Nyumba nyingi za zamani za mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa polepole miezi inayofuata. Ukiufunika kwa rangi ya mafuta, unyevu unakosa pa kutokea. Rangi inavimba malengelenge, halafu inabanduka vipande vipande, hasa sehemu ya chini karibu na sakafu. Plasta ya saruji nayo ina shida hiyohiyo, ila inachukua muda mrefu zaidi kuonekana. Kwa ukuta kama huo hakuna rangi inayoshinda chokaa, na weupe wake una upole ambao rangi ya kopo haina.

Wengi hungoja jua kali la Januari ndipo wapake. Hapo wanakosea. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa taratibu huku ikiwa na unyevu kiasi. Ikikaushwa haraka na jua au upepo mkali haishiki, na ukipitisha kiganja kinatoka cheupe kama umeshika unga. Novemba, vuli ikiwa inanyesha na kuacha, ndio wakati mzuri wa kazi ya ndani.

Anza kwa kukwangua rangi yote ya zamani, ya mafuta na ya maji pia, kwa sababu chokaa haikai juu ya rangi hizo. Palipotoka unga wa chumvi pasuguliwe kwa brashi kavu na unga wote uzolewe na kutupwa nje. Usiuoshe kwa maji: chumvi itayeyuka, irudi ndani ya ukuta, na baada ya wiki mbili itachomoza tena palepale.

Ukitoa mlango na dirisha, chumba hiki kina kama mita za mraba 26 za kupaka. Mikono mitatu, yaani kupaka mara tatu, inahitaji takriban lita 16 hadi 18. Chukua kilo 6 za chokaa ya unga iliyozimwa, ile ya mfuko wa dukani, na lita 15 za maji. Mimina chokaa ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga, funika ndoo, iache ilale usiku kucha. Asubuhi ikoroge tena na uichuje kwa kitambaa chepesi. Inapaswa kuwa nyepesi kama maziwa. Ikiwa nzito kama uji, ongeza maji, kwa kuwa mkono mzito hupasuka nyufa ndogondogo na kudondoka. Vaa glavu na miwani. Chokaa mbichi inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni suuza papo hapo kwa maji mengi kisha nenda hospitali.

Kabla ya kila mkono, nyunyizia ukuta maji hadi uwe na unyevu usiochuruzika. Paka kwa brashi pana ya chokaa, kwa kuvukavuka kila upande, na kati ya mkono na mkono subiri siku nzima. Mkono wa kwanza utakutia wasiwasi, maana ukiwa mbichi unaonyesha ukuta wote wa chini. Usiongeze juu yake kwa pupa. Weupe unajitokeza unavyokauka, na unazidi siku kadhaa baadaye.

Kwa rangi, tumia zile zinazostahimili ukali wa chokaa. Nili ya kufulia, vijiko viwili vya chai katika ndoo nzima, inaondoa umanjano na kuleta weupe wa baridi. Ukiongeza zaidi inakuwa samawati hafifu, nzuri sana kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana. Oksaidi ya njano au nyekundu ya mafundi wa sakafu nayo inafaa. Isizidi gramu 300 kwa kilo 6 za chokaa, la sivyo inabaki unga juu ya ukuta na kushika nguo. Koroga rangi kwanza na maji ya moto kidogo, uichuje, ndipo uitie ndooni. Andaa yote kwa mara moja: ndoo ya pili haitalingana na ya kwanza hata upime vipi.

Nyuma ya meko usipake chokaa. Haioshwi, na mafuta ya kukaangia yakiirukia yanazama moja kwa moja. Hapo weka vigae hadi sentimita 60 juu ya meza ya jiko, na kwa upana vizidi meko sentimita 30 kila upande. Vigae vyeupe vya bei ya chini vinatosha kabisa.

Upepo na pazia

Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo dirisha la upande huo ndilo pua ya jiko lako. Lakini upepo hauingii mahali usipopata pa kutokea. Ukuta wa upande wa pili unahitaji matundu juu, karibu na paa, maana moshi na hewa ya moto hupanda. Matofali mawili au matatu ya matundu yanabadilisha jiko zima, na kivuli chake ukutani alasiri ni pambo kubwa kuliko picha yoyote ya kununua. Meko yakae karibu na upande wa kutokea hewa. Anayepikia mkaa asilifanyie mchezo jambo hili: gesi ya mkaa haina harufu na inaua.

Wavu wa mbu uwe wa plastiki au nyuzi. Wa chuma utaoza. Chumvi na vumbi huziba vitundu vyake na kupunguza upepo bila wewe kutambua, hivyo uvue na kuuosha kila wiki mbili.

Pazia la jikoni wakati wa joto liwe la nusu dirisha, nusu ya juu ibaki wazi. Kanga inafaa kuliko kitambaa chochote: ni pamba, ni nyepesi, inafuliwa kila wiki, na rangi zake zinaendana na ukuta mweupe. Upande mmoja wa doti una upana wa karibu sentimita 150 na urefu wa 110. Iloweke kwanza katika maji baridi na uifue. Kanga mpya ina wanga unaoifanya isimame kama karatasi, na ikifuliwa itapungua kidogo. Anayekata kabla ya kufua hujikuta na pazia lisilofika chini.

Ikate kwa mlalo katikati, juu kidogo ya jina, yale maneno yaliyoandikwa. Nusu ya chini, yenye jina na pindo, ndiyo ya dirishani. Kunja sentimita 4 juu kwa ajili ya mfereji wa fimbo, na utabaki na pazia la kama sentimita 50 lenye mikunjo ya kutosha kwa dirisha la mita moja. Nusu ya juu igeuze, pindo liwe chini, uifanye pazia la kuficha masufuria chini ya meza. Angalia mji wa kanga, yaani sehemu ya katikati, kabla hujanunua: ukiwa na kuku au korosho zilizosimama, nusu hiyo itakuwa kichwa chini. Chagua mji wa vitone au maua yasiyo na juu wala chini.

Fimbo iwe mwanzi. Waya wa pazia hushika kutu na kuchafua kitambaa kwa mstari wa kahawia usiotoka. Kaskazi ya saa kumi inaweza kulipeperusha pazia hadi kwenye moto, hivyo pitisha mwanzi mwingine mwembamba kwenye upindo wa chini, na meko yawe mbali na dirisha angalau sentimita 60. Pazia la chini ya meza liachwe sentimita 10 kutoka sakafuni, hasa kama mtungi wa gesi uko hapo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini. Ikivuja, inahitaji njia ya kutokea, nawe unahitaji kuisikia harufu mapema. Palipo na nafasi, mtungi ukae nje kabisa.

Rafu

Kama nyumba yako ina vidaka, vile vishubaka vya ukutani, umebahatika: vipake chokaa ndani na usivijaze. Bakuli moja na birika vinatosha kwa kidaka.

Asiye navyo atengeneze rafu moja ndefu badala ya makabati ya juu, ambayo katika chumba cha upana huu hukaba pumzi. Ubao wa mninga au mvule, unene milimita 25, upana sentimita 20, uwekwe sentimita 45 juu ya meza, na mhimili kila sentimita 60. Mbao za kubandikwa za unga wa mti zikae mbali na pwani. Unyevu huingia kwenye kingo, ubao unavimba na skrubu zinalegea.

Skrubu na bawaba ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Nenda dukani na sumaku ndogo. Skrubu inayonata kwa nguvu kwenye sumaku, iache, hata ikiwa inang'aa na muuzaji anaapa. Kwenye ukuta wa matumbawe toboa kwa keekee bila kuipiga nyundo, jiwe ni laini na tundu litapanuka. Toboa kwenye jiwe lenyewe, si kwenye chokaa ya katikati ya mawe, kwenda ndani sentimita 7. Puliza vumbi lote, ndipo uingize plagi ya plastiki. Vumbi likibaki, plagi huzunguka ndani na rafu inashuka na vyombo vyake.

Vyombo kuwa mapambo

Hapa ndipo pwani ina utajiri, na watu wanaupita kwenda kununua picha za nanga na usukani wa meli. Kawa, vifuniko vya chakula vya ukindu, zenye zambarau, kijani na chungwa, tatu za ukubwa tofauti, zikitundikwa juu ya ukuta mweupe zinatosha ukuta mzima. Ziweke umbali wa mita moja na zaidi kutoka kwenye meko, kwa kuwa mvuke wa mafuta ukishaingia kwenye ukili, ule msuko wa ukindu, haufutiki. Jua la moja kwa moja pia ni adui: rangi zinapauka na ukindu unakatika. Ungo, kifumbu cha kuchujia tui na kata za vifuu zipangwe kwenye mwanzi mmoja wenye vishikizo, zile za kila siku zikiwa karibu na mkono wa kulia.

Kata au upawa mpya usuguliwe kwa msasa mpaka uwe laini, kisha upakwe mafuta ya nazi kidogo na kufutwa. Mafuta ya alizeti yatanata na kushika vumbi. Mbuzi ya kukunia nazi ni pambo zuri ikikunjwa na kuegemezwa ukutani, ila ulimi wake ukaushwe vizuri na upakwe mafuta kila baada ya kazi, na uelekee ukutani watoto wakiwepo.

Kwa viungo, chupa za vioo zinapendeza, na ndizo zinazoharibika kwanza zikiwekwa vibaya. Binzari ya manjano ikipigwa na mwanga inapauka, na mdalasini wa unga unapoteza harufu. Dirishani weka chupa za maharage, choroko na dengu. Viungo vya unga viende kwenye kivuli chini ya rafu. Iliki ibaki na maganda yake. Vifuniko viwe vya plastiki au mbao, na chumvi itiwe punje chache za mchele ndani isishikane.

Makombe makubwa na matumbawe waachie bahari. Biashara yake imebanwa na sheria, na mwamba unayahitaji kuliko rafu yako.

Kijani kidogo kinatosha: mrehani mmoja na mnanaa mmoja katika vyungu vya udongo vyenye tundu chini. Vyungu visielekee upepo wa bahari moja kwa moja, chumvi huunguza kingo za majani. Mrehani ukatwe vikonyo vya maua kila vinapotokea, la sivyo majani yanapungua na kuwa machungu. Usiku taa iwe ya mwanga wa njano, kwani nyeupe kali inavuta wadudu wengi zaidi, na kwenye chokaa ule wa njano unapendeza.

Mwishoni mwa Machi, kabla masika hayajaanza, teremsha kawa na nyungo, zifute kwa kitambaa chenye unyevu, zikaushe kivulini siku mbili, halafu zining'inize ndani ya nyumba mahali penye hewa, zisigusane. Zikifungiwa sandukuni zina unyevu, ukifungua Juni utakuta kuvu nyeusi imeingia katikati ya ukili, na hiyo haitoki hata kwa kusuguliwa.