Gari Likirudi na Kelele Ileile: Kwa Mnaoanza Kusimamia Magari Kigoma

Wadogo zangu mnaopokea funguo na logibuku za magari ya ofisi hapa Kigoma, malalamiko mtakayoanza kuyasikia hayatakuwa ya injini. Dereva atakuja na kusema, "Bosi, gari linagonga chini." Litapelekwa gereji, litabadilishwa shokapu, litatulia, kisha baada ya safari chache za Kasulu na Kibondo dereva yuleyule atarudi na maneno yaleyale. Gereji itasema barabara ni mbovu. Duka la spea litasema fundi kafunga vibaya. Mhasibu atauliza kwa nini kifaa kimoja kinalipiwa kila mara. Na wote watakuwa wanakuangalia wewe.

Kazi hii nimeianzia gereji Tabora kabla ya kuhamia huku ziwani, na ninachowaomba mkishike mapema ni hiki: tatizo likijirudia, usibishanie kifaa, bishania chanzo. Na ushahidi wa chanzo hukusanywa tangu siku ile ya kwanza gari linapoingia gereji. Ukisubiri mpaka mgombane, umeshachelewa.

Ujue kwanza kila kitu kinafanya kazi gani, maana huwezi kumbana fundi kwa jambo usilolielewa. Uzito wa gari unabebwa na springi. Shokapu haibebi kitu. Inaizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kuingia shimoni. Ndani ya shokapu kuna oili na pistoni yenye matundu madogo. Pistoni ikipanda na kushuka, oili inalazimishwa kupita kwenye yale matundu, na nguvu ya mtikisiko inageuka joto. Kwa hiyo shokapu isiyo mbovu ni lazima ipate moto ikiwa kazini. Sasa mpeleke dereva mwenye haraka kwenye barabara ya changarawe yenye mikunjo midogo ya kukingama, kama kile kipande cha Uvinza kwenda Malagarasi kilivyokuwa kwa miaka mingi. Kule shokapu haipumziki hata sekunde. Oili inapata moto sana, inachanganyika na hewa, inatoa povu, na gari linaanza kuelea barabarani hata kama shokapu ni mpya. Sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, nayo inaumia kwa joto na kwa vumbi. Kwa hiyo gereji ikisema barabara inaua shokapu, haidanganyi. Ila barabara inaua kwa namna inayofahamika: mara nyingi pande zote mbili, kidogo kidogo, na kwa magari yote yanayopita njia hiyo. Likiharibika gurudumu moja tu, tena lilelile kila mara, barabara peke yake haitoshi kuwa jibu.

Usikubali shokapu ibadilishwe kwa sababu tu gari linagonga. Kugonga kuna vyanzo vingi, na shokapu huwa inasingiziwa kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Simama na fundi. Gurudumu liinuliwe kwa jeki, stendi iwekwe, kisha lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, mtuhumiwa ni boljointi (kiungo kinachounga gurudumu na amu, ule mkono wa chuma unaolishikilia) au beringi ya habu (ile ambayo gurudumu huzungukia). Mtu mwingine akanyage breki, na mchezo ukipotea, beringi ndiyo mbovu. Kisha lishikwe kushoto na kulia. Likicheza upande huo tu, waangalie tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu usukani ukizungushwa. Bushi za amu, ile mipira ya kwenye maungio yake, zipimwe kwa mtaimbo, zikisukumwa taratibu huku taa ikimulika mpira uone kama umechanika. Stablaiza linki (kifimbo cha ule mtambo unaozuia gari lisilale upande) iliyolegea hujitambulisha kwenye vishimo vidogo gari likiwa mwendo wa polepole, tena inagonga haraka haraka. Mauntingi ya juu, pale shokapu inaposhikwa na bodi, ikifa, utaisikia gari likiwa limesimama kabisa: zungusha usukani na springi itatoa mlio wa kujinyonga na kuachia.

Tairi nalo linasema mengi. Pitisha kiganja kuzunguka uso wake wote. Likiwa limeliwa mabaka mabaka, hapa limechongoka pale limebonyea, shokapu imelegea au tairi halijapigwa balansi. Likiliwa ukingo wa ndani peke yake, hiyo ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawasawa, na alaimenti hairekebishiki kama boljointi au bushi inacheza. Upepo upimwe tairi likiwa la baridi, na kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Hayo yote hayachukui hata saa moja, na yanaokoa fedha nyingi.

Nitakaa kidogo kwenye ufungaji, kwa sababu ndipo matatizo mengi yanayorudi yanapozaliwa. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti. Mpira wenyewe ndio unaojipinda amu inapopanda na kushuka. Fundi akikaza ile bolti hadi mwisho magurudumu yakiwa yananing'inia hewani, gari likishushwa mpira unabaki umepindwa muda wote, hata gari likilala uani usiku kucha. Unakuja mkunjo wa barabara kuupinda zaidi, na unachanika kabla ya wakati wake. Utaratibu sahihi ni kuishika bolti kidogo, gari likae chini kwa uzito wake, ndipo ikazwe kwa kipimo. Fundi mzuri anafahamu hivyo na anafanya. Mwenye haraka anafahamu na hafanyi. Kwa hiyo uwepo pale, au dereva wako awepo.

Shokapu nayo ina mambo yake. Zile za oili zinatakiwa zisimamishwe na kupampiwa kwa mkono mara kadhaa kabla ya kufungwa ili hewa itoke. Ule mpira wa kuzuia kugota na kile kikoti cha vumbi vibadilishwe pamoja nayo vikiwa vimechakaa, la sivyo pistoni itagota chini na mchanga utaingia kwenye sili. Na zinafungwa mbili mbili, kushoto na kulia pamoja. Ukifunga mpya upande mmoja na kuacha kuukuu upande wa pili, gari litayumba ukikanyaga breki kwa nguvu, na ile mpya itafanya kazi ya mbili.

Kuna pia mtindo wa kunyanyua gari kwa spesa, vipande vya kuongeza kimo kwenye springi, ili lisikwaruze chini. Hapa mjini, Mwanga mpaka Ujiji, utayaona magari madogo mengi yamefanyiwa hivyo, na ninaelewa sababu. Lakini spesa inabadilisha pembe za amu, boljointi na draivshafti (fimbo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu), na shokapu inabaki imevutika kila gurudumu linaposhuka. Kwa gari lenye waranti, usiguse kabisa. Utakuwa umempa wakala aliyeuza gari sababu ya kukataa madai yako yote ya chini ya gari, hata yale yasiyohusiana na spesa. Mzigo ni vivyo hivyo. Madumu ya mawese yakijaa nyuma ya pikapu mpaka springi zimelala, usitegemee kwamba hakuna atakayetambua. Pedi za kugotea zikikaguliwa zitaonyesha alama.

Sasa ugomvi wa duka na fundi. Unanunua boljointi, inafungwa, inakufa mapema. Fundi anasema umeuziwa feki. Muuzaji anasema haikufungwa vizuri. Kila mmoja anamrushia mwenzake, na wewe ndiye unayelipa tena. Suala hili limalize kabla hela haijatoka mfukoni. Nenda dukani pamoja na fundi, au mpigie simu akiwa anasikia muuzaji. Muulize fundi, "Hii umeikubali?" Akiikubali, hana tena njia ya kuisingizia bila kujisingizia yeye. Muulize muuzaji anarudisha kwa masharti gani, na majibu yake yaandikwe nyuma ya risiti kwa mkono wake: muda, na ni kifaa tu au pamoja na kazi ya kufunga. Risiti iwe ya mashine ya kielektroniki, EFD, iandikwe jina la kifaa na gari lake, isiwe neno "spea" peke yake. Usimpe fundi fedha akanunue mwenyewe halafu akuletee karatasi. Siyo kwamba mafundi ni wezi. Nimekuwa fundi na najua heshima yetu. Ila ukifanya hivyo muuzaji hakujui, na kifaa kikifa huna wa kumrudia.

Kifaa cha zamani kidai na ukihifadhi. Kifunge kwenye mfuko, andika namba ya gari, tarehe, kilomita na upande kilipotoka. Kule gereji Tabora tulikuwa tunavitupa kwenye pipa jioni ileile, na mteja akirudi na malalamiko hapakuwa na wa kuthibitisha lolote, si yeye si sisi.

Kwa wakala wa magari mapya kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu kitabu cha waranti kimeandikwa na upande wao. Kisome kabla gari halijaharibika. Waranti nyingi zinaondoa vitu vya kuchakaa, mabadiliko uliyoyafanya, mzigo uliozidi na matumizi yasiyo ya kawaida, na hilo la mwisho ndilo watakalolitumia kwa mtu wa Kigoma.

Tulikuwa na pikapu mpya ikiwa bado ndani ya waranti. Shokapu ya mbele kushoto ikavuja. Gereji ya wakala, iliyo nje ya mkoa huu, ikaibadilisha bila maneno. Ikavuja tena upande uleule. Safari hii mpokea magari akanifungulia kitabu na kunisomea: uharibifu wa barabara mbovu haumo. Nikamwomba tuinamie upande wa kulia. Ile ya kulia ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, ilikuwa na vumbi kavu tu, hakuna tone. Nikamuuliza, "Hii imepita barabara gani, ndugu yangu?" Nikaomba iliyovuja ifunguliwe tukiwa wote. Kikoti kilipovutwa, kwenye fimbo ya pistoni tuliziona alama za meno ya plaisi. Fundi alipokuwa anakaza nati ya juu, fimbo ilizunguka, akaibana kwa plaisi. Krome ikakwaruzika, na kila gurudumu lilipozama shimoni sehemu ile iliingia kwenye sili na kuichana. Msimamizi wa gereji alizipiga picha yeye mwenyewe. Tulifungiwa mpya na hatukutozwa kazi. Gharama za kulifikisha gari kule hazikurudi, ingawa nilizidai kwa barua mpaka jibu la mwisho, na mpaka leo naamini zilikuwa haki yetu.

Kilichotusaidia kilikuwa jobu kadi (karatasi ya gereji ya kuandikia kazi) ya mara ya kwanza yenye kilomita, upande na maelezo kamili. Kwa hiyo ukifika mapokezi, usikubali waandike "angalia mbele". Waandike maneno ya dereva: linagonga mbele kushoto, mwendo mdogo, kwenye vishimo, oili imeonekana kwenye shokapu. Omba msimamizi apande gari pamoja na dereva wako kabla halijafunguliwa, asikie mwenyewe. Unapolichukua, lijaribiwe tena kwenye barabara ya vumbi, siyo kwenye lami ya mbele ya geti. Wakikupa fomu ya kuridhika na hujapewa nafasi ya kulijaribu, andika juu ya saini yako kwamba gari halijajaribiwa. Una haki hiyo, na hakuna haja ya kugombana.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi na picha ya kifaa wanachokilaumu. Ukipata sababu, unaweza kuijibu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba ukimweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kutegemea utaalamu wake katika kuichagua, bidhaa inatakiwa ifae kwa matumizi hayo. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza kwamba unapoagiza gari au shokapu, barua yako iseme wazi litakwenda wapi: barabara za changarawe za Kigoma, masika na kiangazi, na mzigo wa kawaida kiasi gani. Barua hiyo ikiwepo kwenye faili, maneno ya "matumizi yasiyo ya kawaida" yanapoteza nguvu, maana walijua tangu mwanzo. Ipo pia Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha, na malalamiko yake hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Mahakama ipo, lakini barua nzuri yenye viambatanisho humaliza mambo mengi kabla ya kufika huko.

Barua iwe fupi. Taja tarehe na kilomita za kila tengenezo, kifaa kilichobadilishwa, kilichorudi kuharibika, na unachotaka: chanzo kichunguzwe na gari litengenezwe bila malipo. Usiweke matusi wala vitisho. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo.

Na madereva wasikilize. Dereva anayeshinda kwenye gari anasikia mlio kabla ya fundi yeyote, lakini akishajibiwa vibaya mara moja ataendesha kimya mpaka boljointi ichomoke. Mwekee kwenye logibuku safu ya kuandika mlio, upande na mahali alipousikia, kisha uisome kila Ijumaa mkiwa pamoja, kabla magari hayajapangiwa safari za Jumatatu.